Namba 276 Ikiisha, Nitakuja

4 Machi

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti, siyo juu ya ngazi ukifunga vioo vya watu, maana nakujua. Mimi ni mzima. Chuo kimefunguliwa, wanafunzi wangu wa hesabu ni wale wale wa kuangalia saa. Chumba changu kiko ghorofa ya nne, na kioo cha dirisha kina ufa kutoka pembe hadi pembe. Nimeubandika plasta. Usicheke.

Barua yako nimeipata. Unauliza lini nakuja kumwona Baba. Baba Mdogo, likizo yangu ni ngumu kuieleza. Kuna mitihani, halafu usahihishaji, halafu mkuu wa idara ambaye hata ukipiga chafya lazima umwandikie sababu. Simu nayo sipendi, unajua kwa nini.

Nimewaza hivi. Unakumbuka mchezo wa Baba wa kuvunja namba, siku ambazo hakuna mteja? Unachukua namba, unatafuta namba zote ndogo zinazoigawa bila kubaki kitu, unazijumlisha, jibu linakuwa namba mpya, unaivunja tena. Kumi na mbili inagawanyika kwa 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16. Kumi na sita inatoa 15, halafu 9, halafu 4, halafu 3. Tatu ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja, kwa hiyo inatoa 1 na mchezo umeisha. Mimi nilikuwa nalia namba ikiisha upesi.

Basi nakupa namba. Ivunje taratibu, uniandikie inavyokwenda. Ikifika moja, nakuja. Hapo nitakuwa nimeshapata na ruhusa.

Anza na 276.

Mwanao

———

29 Machi

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Plasta kwenye kioo! Mtoto aliyezaliwa katikati ya vioo, baba yake fundi, baba yake mdogo fundi, anabandika dirisha kama kidonda cha goti. Nimemsomea jirani yetu mshonaji, amecheka mpaka amejichoma sindano. Mwambie mwenye nyumba hivi: kioo chenye ufa hakiponi, hubadilishwa.

Sisi tupo. Karakana inakwenda, ingawa siku hizi watu wanataka fremu za plastiki. Meza ya kukatia nimeisogeza karibu na mlango ili baba yako apate mwanga. Mkono wa kulia bado umelala. Mguu unaburutika. Maneno yamebaki machache sana, na jina lako ni mojawapo. Analitaja asubuhi, akiangalia mlango. Mimi namwambia yuko kazini, anatikisa kichwa, tunakunywa chai.

Alianguka siku ya pili baada ya ile simu yenu. Mlizungumza nini sijui na siulizi. Nasema tu kwamba ni wewe anayekungoja, siyo mimi. Mimi ananiona kila siku mpaka amenichoka.

Mchezo nimeukubali. Nilidhani unanitania, baadaye nikaona ni njia yako ya kusema ndiyo bila kusema ndiyo. Toka utotoni uko hivyo. 276 imetoa 396. Hiyo ikatoa 696, kisha 1104, kisha 1872, kisha 3770. Inapanda kama bei ya sukari, lakini kila kinachopanda hushuka. Tunaendelea.

Ahadi ni deni, Sindano. Umeiandika kwa mkono wako.

Baba yako mdogo

———

20 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nawashukuru kwa habari za nyumbani. Mpe salamu mshonaji, na pole ya kidole. Huku kumepoa kidogo. Mwalimu mwenzangu amejifungua mapacha na tumegawana vipindi vyake, ndiyo maana naandika kwa kifupi.

Hesabu yako yote ni sahihi. Nimeikagua mara mbili.

Nimekutumia lenzi ya kusomea, ishike kwa mpini, usiiweke juani. Nimefurahi kusikia Baba anapata mwanga.

Usijisumbue kuhesabu kila siku. Hakuna haraka.

Mwanao

———

18 Mei

Mwanangu,

Hakuna haraka, umeandika. Nimesoma sentensi hiyo kwa lenzi yako na bila lenzi, ni ile ile.

Marahaba, na hongera kwa mapacha wa mwenzako. Hapa tumepata kazi ya madirisha ya zahanati, vioo vidogo vidogo, mgongo umekwisha. Mshonaji anashona mashuka ya huko huko, kwa hiyo sasa tunaitana wakandarasi.

Sikiliza kilichotokea. 3770 ilitoa 3790, ikapanda kidogo tu, nikasema imechoka. Kweli, ikashuka: 3050. Ikashuka tena: 2716. Nilipiga makofi karakanani mpaka mteja akaacha fremu yake na kutoka. Nikaanza kupanga nani atakupokea stendi. Halafu 2716 ikatoa 2772. Nikasema si kitu, ni hatua moja. Ikaja 5964. Ikaja 10164. Leo tuko kwenye 19628, na nina neno: tangu ile 2716, kila namba inakatika kwa 28 bila kubaki kipande. Kila moja! Mimi si msomi, lakini fundi akiona ufa umerudi mahali pale pale anajua kuna kitu chini.

Sasa la baba yako, ambalo nilikuwa nalikwepa. Wiki iliyopita aliniita kwa jina la marehemu baba yetu. Nilimjibu hivyo hivyo, ningefanya nini? Daktari anasema sura zitakuwa zinaondoka, moja baada ya nyingine, na hakuna dawa ya kuzifungia mlango. Jina lako bado lipo. Jana alilitaja.

Aliyesoma ni wewe. Nijibu swali moja tu: namba hii ina mwisho?

Baba yako mdogo

———

30 Juni

Baba Mdogo mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Barua yako imekaa mezani wiki nyingi. Kila nikikaa kujibu nilikuwa naona karatasi za kusahihisha, naanza hizo kwanza.

Pole kwa mgongo. Hongera kwa madirisha ya zahanati.

Umeona vizuri kuhusu 28. Ni namba ya pekee. Ivunje yenyewe: 1, 2, 4, 7 na 14. Jumla ni 28 tena. Haipandi, haishuki, inajirudia yenyewe. Na namba yoyote kubwa inayogawanyika kwa 28 haiwezi kushuka, lazima itoe namba kubwa kuliko yenyewe. Kwa hiyo 28 ikishaingia ndani inaisukuma namba juu mpaka siku itoke, na kutoka kwake ni kwa nadra. Iliingia kwenye ile 2716 uliyoipigia makofi. Samahani kwamba nakuambia hivi, lakini umeuliza.

Baba anakula vizuri? Analala? Bado anapenda chai ya moto inayounguza watu wengine? Mwambie namsalimu. Usimwambie zaidi ya hapo.

Siku hizi nikipita mbele ya duka la vioo navuka barabara. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Mwanao

———

22 Julai

SINDANO!

Salamu utaniwia radhi, zimekaa foleni. Imeisha!

Tulikwenda 19684, 22876, 26404, 30044, 33796. Ile 28 yako iling'ang'ania kama kupe. Halafu Jumamosi, baada ya 33796, ikatoka 38709. Nikaiangalia: ni witiri! Haigawanyiki hata kwa mbili, sembuse 28! Nilimwita mshonaji aje awe shahidi. Kutoka hapo ilikuwa kuteremka ngazi. 28683. Kisha 12761. Kisha 1831. Hiyo 1831 tumeijaribu kwa kila namba inayostahili kujaribiwa, Jumapili nzima, haikatiki. Tasa. Moja. Mwisho!

Nilimwambia baba yako, "Kaka, namba imeisha, binti yako anakuja." Nilimwambia polepole, mara tatu. Akaelewa. Najua alielewa kwa sababu alielekeza kidole kwenye sanduku. Nikamtolea shati jeupe, lile la mahafali yako, nikamfunga vifungo. Akajiburuta mwenyewe mpaka kiti cha mlangoni akakaa akiangalia barabara. Nilimwambia si leo, barua lazima isafiri kwanza. Amekataa kuvua.

Tumefanya zamu yetu. Sasa ni yako. Andika tarehe.

Baba yako mdogo

———

9 Agosti

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Nimepitia hesabu yenu hatua kwa hatua na imenibidi nikuandikie kwamba kuna kosa kwenye 33796. Namba zinazoigawa huenda mbili mbili: kila mmoja ana mwenzake, na ukiwazidisha unapata namba yenyewe. Nimepima jumla yenu: imepungua 71 kamili. 476 mmemhesabu, mwenzake 71 hayumo. Mkimrudisha, jibu siyo 38709, ni 38780, nayo inagawanyika kwa 28. Kwa hiyo zilizofuata zote hazihesabiki.

Nasikitika. Hesabu ni hesabu, siwezi kusema ni sawa wakati siyo sawa. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo.

Kazi mliyofanya ni kubwa na ningependa ujue naiheshimu.

Mwanao

———

2 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na cha kuandika ambacho ningependa ukisome.

Ni kweli, kosa lipo. Nimemrudisha 71 na imetoka 38780. Wewe ni mwalimu mzuri.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia, maana nilitaka liwe la kukushangaza ukifika. Anayejumlisha si mimi. Mimi nagawanya tu na kuandika. Baba yako amepoteza maneno, lakini namba hazikuondoka. Niligundua siku nilipofungua barua yako ya kwanza nikaisoma kwa sauti, nikafika 276, naye akasema, "Kumi na mbili, ishirini na tatu." Nikadhani anaropoka. Nikazidisha. Sindano, ni 276! Miezi mingi sikumsikia akiunganisha maneno mawili.

Basi tukapanga kazi. Kila kigawo nakiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha kioo kilichobaki, nakisugua kingo kisimkate, namwekea mezani. Yeye anavisogeza kwa mkono wa kushoto kimoja kimoja, anajumlisha, ananitajia. Hajawahi kukosea. Kwa hiyo ulipoandika kuna kosa nilikukasirikia wewe, siyo yeye.

Juzi alikubali kuvua shati. Nilipolichovya kwenye maji nikasikia kitu kizito mfukoni. Kipande cha kioo, kimeandikwa 71 kwa mwandiko wangu. Alikitoa mezani akakificha, na alipovaa shati akakiweka mfukoni. Kwa nini, hawezi kuniambia. Miaka yake ni sabini na moja, labda aliona ni chake. Nimemrudishia.

Sikumwambia kwamba namba haikuisha. Nimejaribu, nikashindwa. Nilimwambia unachelewa njiani. Shati lilipokauka akalitaka tena, na kila siku anakaa mlangoni. Mshonaji anampelekea chai pale pale.

Nimeanza upya kutoka hiyo 38780. 54628, 54684, 111300. Sasa niko kwenye 263676. Nagawanya baada ya kazi, kwa lenzi yako. Macho yananisumbua kwenye sita na nane. Peke yangu ni polepole kwa sababu yeye hataki tena kujumlisha. Nikimwekea vioo anavisukuma pembeni, anasema, "Moja." Kwake imeisha.

Usihuzunike. Nitaifikisha. Niliahidiwa.

Baba yako mdogo

———

15 Oktoba

Baba Mdogo,

Acha kuhesabu. Tafadhali, kabla hujasoma mbele, weka kalamu chini.

Namba 276 haijulikani mwisho wake. Sisemi ni ngumu. Nasema hakuna mtu duniani aliyeuona. Watu wameifukuza kwa kompyuta mpaka ikawa na tarakimu zaidi ya mia mbili, namba ambayo ukiiandika inakula mistari kadhaa ya ukurasa huu, na bado inakwenda. Labda ina mwisho, labda haina, hakuna anayejua. Kila mtu anayefundisha ninachofundisha anaijua namba hii. Niliijua nilipokuandikia tarehe 4 Machi. Niliichagua kwa sababu hiyo.

Ulipouliza kama ina mwisho nilikuandikia habari za 28. Ulipopata mwisho nilikuandikia habari za 71. Yote ni kweli, na nilijificha nyuma ya kweli hiyo kama mtoto nyuma ya pazia huku miguu inaonekana. Nilipopima ile jumla na kuona imepungua, unajua nilihisi nini? Nilipumua. Kaka yako amekaa mlangoni na shati lake la mahafali yangu, mimi huku napumua. Sijui utanisamehe vipi.

Kuhusu ile simu. Baba aliniomba nirudi nichukue karakana, akasema mikono yake imeanza kutetemeka. Nikamwambia siwezi kuzikwa hai kwenye vumbi la vioo vyake. Kwa maneno hayo hayo. Akasema, "Haya, mama," akakata. Kesho yake akaanguka. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nimeogopa kumtazama usoni nikakuta bado anayakumbuka. Hilo tu, hakuna mkuu wa idara. Likizo ningepewa tangu Machi.

Nimekata tiketi. Nitafika tarehe 2 Novemba, mchana. Usimwambie mpaka unione kwa macho.

Mwanao

———

24 Oktoba

Sindano,

Barua yako imefika, na nakutumia hii kwa mtu anayesafiri leo ili ikukute kabla hujaondoka.

Nimeweka kalamu chini. Nimekaa na barua yako karakanani mpaka mshonaji akaja kuuliza kama kuna msiba. Hasira nilikuwa nayo, sitakudanganya, nilipasua kioo kizuri cha mteja bila sababu. Sasa imepoa, imebaki huzuni. Ningekuwa na mtoto mwingine wa kumkasirikia ningekuacha upumzike.

Nikuambie hali ilivyo, usije ukaikuta mlangoni. Ile "Haya, mama" yake haipo tena, wala maneno uliyomwambia hayapo. Nilimjaribu. Nilimtajia karakana, simu, vumbi la vioo, akaniangalia kama naongea na ukuta. Ulichokuwa unakiogopa kimeondoka. Lakini hakikuondoka peke yake, mwanangu. Jina lako hajalitaja tangu ile wiki ya Mei niliyokuandikia kwamba amelitaja. Nikilitaja mimi anauliza, "Nani?" Anakaa mlangoni bado, shati lile lile, 71 mfukoni. Anangoja. Anayemngoja hamjui tena.

Njoo hivyo hivyo. Utakaa naye, utamwekea vioo mezani, labda kwako atajumlisha.

Lakini kuna kitu kimoja kinanikera na lazima nikiseme. Ungeniandikia tu, "Baba Mdogo, naogopa." Mimi ningekuchagulia namba. Ningekupa kumi. Kumi inagawanyika kwa tano, mbili na moja, jumla nane. Nane inatoa nne, mbili na moja, jumla saba. Saba ni tasa.

Kumi, nane, saba, moja. Ungefika mwezi wa tatu, akiwa bado anakuita.

Baba yako mdogo